Plaizi za Bwana Dhamana

Lori lilikuwa limeshapita nyumba za mwisho za mji, na mimi nimekaa mbele na dereva, mkoba wa vyombo katikati ya miguu, ndipo akaniuliza huko niendako nina nani.

"Nina mtu."

"Ndugu?"

"Hapana. Mtu tu."

Dereva akabadilisha gia, akacheka puani. "Mzee, mtu tu hapandiwi lori alfajiri. Ama anakudai ama umemkosa."

"Tumekosana," nikamwambia, nikageukia dirishani ili yaishe.

Nilikuwa nimeacha kazi katikati, mashine ya kusaga ya mama mmoja, mota iko chini na boliti zimo kwenye bakuli, kwa sababu ya maneno niliyoyasikia jana yake kwa fundi mpita njia. Alisema katika mji wa mbele kuna duka la vyombo, mwenyewe ana mwanya, na watu wa mji humwita Bwana Dhamana. Fundi yule hakujua alichonipa. Akaendelea na habari za bei ya waya, na mimi nimeshaanza kufunga mkoba.

Miaka sita nilikuwa nalitafuta jina hilo.

Mimi na mdogo wangu ni tumbo moja, mimi wa kwanza, yeye wa mwisho, na wote tulikuwa mafundi wa umeme katika kiwanda cha magunia. Mtunza stoo wetu, huyo huyo Bwana Dhamana, alikuwa mtu mnene, mcheshi, mwenye mwanya. Ukichukua kwake hata balbu, atakuambia ina dhamana ya maisha. Ukimuuliza maisha ya nani, atasema, "Ya balbu." Tulicheka sana na utani huo. Kumbe zile plaizi nzuri zilizoletwa na kiwanda, zenye mpira mzito wa kuzuia umeme, alikuwa anazipitisha mlango wa nyuma, na kwenye rafu anaweka za bandia. Rangi ileile, alama ileile imegongwa shingoni. Mdogo wangu aliangalia alama. Yeyote kati yetu angeangalia alama tu, maana kiwandani tulizoezwa hivyo: chombo cha stoo hakikaguliwi, kimeshakaguliwa. Ukimwona mtu ananusa chombo cha stoo, unamwita mshamba.

Akakata waya alioambiwa umezimwa, na haukuwa umezimwa. Kwa plaizi ya kweli angepata cheche na hadithi ya kusimulia. Kwa ile, mpira ulimyeyukia kiganjani. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa hospitali, na viwili vilivyobaki vikajikunja visikunjuke tena.

Bwana Dhamana alitoroka kabla hajaulizwa. Nilikaa pembeni ya kitanda cha mdogo wangu wiki mbili, kisha nikamwambia, "Nitampata." Hakujibu. Alikuwa anatazama dari. Nikakichukua kimya chake kuwa ndiyo, nikaondoka.

Nilipofika mji ule sikwenda dukani moja kwa moja. Mtu uliyemtafuta miaka sita humrukii kama kuku. Niliuliza kazi kwanza, na kila niliyemuuliza alinielekeza karakana ya maji. Kule, wakasema, kuna msimamizi anatafuta mzee anayejua chuma.

Msimamizi alikuwa mama mfupi, mabega mapana, buti za mpira hadi magotini. Mafundi walimwita Mama Presha, kwa kuwa alisimamia presha ya maji ya mji mzima, na kwa sababu nyingine ambayo utaijua ukichelewa kazini. Hakuniuliza cheti. Alifungua droo akatupa plaizi tatu juu ya meza.

"Sema."

Nikazigonga moja kwa nyingine nikasikiliza. Nikazifumba nikaziinua dirishani nione kama mwanga unapenya katikati ya taya. Nikazinusa vishikio.

"Hii ni chuma cha kusubu, cha kumiminwa, siyo cha kufua. Inalia kama chungu chenye ufa, itavunjika jino. Hii ni nzuri, lakini ilishaanguka kutoka juu, taya zimepishana unywele mmoja. Hii ya tatu ni yako mwenyewe."

"Umejuaje?"

"Imelika upande mmoja, upande wa mtu wa mkono wa kushoto. Na kalamu yako ipo sikio la kushoto."

Akanitazama. "Mganga au fundi?"

"Fundi. Mganga angekuomba kuku."

Akacheka, nikapata kazi. Mafundi wake arobaini walikuwa wanateremka kwenye mashimo ya valvu wamebeba vyombo kwa ndoo, na yeye alitaka kila mmoja awe na plaizi ya kukunja mkandani: ile ambayo ndani ya vishikio vyake mna kisu, bisibisi, tupa na msumeno mdogo. Wauzaji watatu walikuwa wameomba kuleta.

"Hapa kwetu," Mama Presha akaniambia, "chombo hakinunuliwi kwenye karatasi. Anayeuza anakuja nacho, anakitesa kwa mkono wake mwenyewe, na watakaokitumia wamekaa wanatazama. Wewe kazi yako ni kumwambia akitese vipi. Ukisema nzuri, nanunua. Ukisema mbaya, simsikilizi hata akilia."

"Wauzaji ni akina nani?"

Akanitajia. Wa tatu alikuwa Bwana Dhamana.

Usiku ule, sitadanganya, nililala vizuri kuliko nilivyolala mwaka mzima.

Siku ya mtihani mafundi walikaa kwenye mabenchi uani, kama watu waliokuja harusini kusubiri chakula. Kelele zaidi zilitoka kwa mmoja mrefu mwembamba waliyemwita Kamba. Yeye ndiye aliyetumwa kwenye mashimo membamba ambako wengine walikwama.

"Babu," akaniambia, "chagua kitu kitakachodumu. Mimi mke wangu ananiambia chochote nikishika kinakatika."

"Kikiwemo kipato," mwenzake akadakia, na benchi zima likacheka.

Muuzaji wa kwanza alitoka mapema. Plaizi zake zililia kama chungu, na ya pili ilipogongwa ikameguka ncha. Alikusanya vyake bila ubishi, akasema hata yeye aliuziwa. Wa pili alikuwa kijana mmoja amevaa tai. Vyombo vyake viling'aa kama vijiko vya wageni, kila kimoja na mfuko wake wa ngozi, na aliongea kama redio. Tukamwita Tai.

Wa tatu akaingia na boksi begani.

Mwanya ulikuwa palepale. Mwili ulikuwa umepungua na nywele zimeondoka, lakini nilimjua kwa jinsi alivyoweka boksi chini kwa goti, kama alivyoweka maboksi kule stoo. Macho yake yalinipitia yakaenda mbele. Mimi nimefuga ndevu, meno ya mbele hayapo, na uso umeungua kwa jua la barabara nyingi. Nikasema moyoni, tazama vizuri, bwana, mimi nina siku nzima.

"Ina dhamana hiyo?" Kamba akampigia kelele.

Nikangoja utani wa balbu. Hakuutoa. "Ikiharibika niletee," akasema. "Tutaifungua tuone pamoja."

Hilo liliniudhi kuliko angetania.

Nikaanza na mwanga. Taya za Dhamana zilifumba giza tupu, za Tai pia. Nikaomba wakate unywele, na Kamba akatoa wake, akisema ana mwingi kuliko akili. Zote zikakata. Nikawapa spoku za baiskeli wakate kumi kumi, kisha nikapitisha ukucha kwenye makali. Za Tai zilikuwa zimeanza kutoboka, vishimo viwili kama vya meno ya mtoto. Za Dhamana ukucha uliteleza kana kwamba hazijakata kitu. Nikazizika zote kwenye mchanga mbichi, tukazitoa, wakasuuza na kujaribu kuzifungua kwa mkono mmoja wenye sabuni. Tai alihangaika na kisu mpaka tai ikaingia kwenye ndoo. Dhamana alifungua kwa kidole gumba.

Nikaomba moja ya zake niishike, nikanusa mpira wa vishikio.

Ilikuwa na uzito wa haki. Skrubu za kiungo zilikuwa za kufunguka, siyo za kugongwa moja kwa moja, kwa hiyo ikilegea unaikaza, ikivunjika kisu unabadilisha kisu. Na ndani ya kiungo, badala ya oili, mtu alikuwa amepaka nta ya mshumaa. Oili hukusanya mchanga, nta haikusanyi. Ni wachache wanaojua hilo. Mimi nilifundishwa na fundi mmoja wa treni, na katika maisha yangu nimemfundisha mtu mmoja. Niliona nta ile na akili yangu haikusimama hata kidogo. Chuki ni kama miwani ya kuchomelea: unaona cheche peke yake.

Nilichokiona ni kwamba plaizi za Bwana Dhamana ni nzuri. Hata ningekuwa nachagua kwa ajili ya mkono wangu mwenyewe, ningechagua ile. Nikahisi nimeibiwa. Miaka sita nilikuwa nimejiandaa kumwumbua mwizi kwa vyombo vyake vibovu, na mwizi ameniletea chombo safi.

Mama Presha akasema watu wakale, tukirudi tumalizie na loki za visu, zile zinazozuia kisu kilichofunguliwa kisijikunje. Vyombo vikabaki mezani karakanani, na ufunguo nikawa nao mimi.

Sikula. Nilichukua bisibisi yangu ndogo nikafungua skrubu ya kisu kwenye plaizi ya Dhamana, nusu mzunguko na kidogo. Kwa jicho huoni. Ukiifungua na kuifunga husikii kitu. Lakini loki imekaa kwenye ncha ya ukucha. Uzuri wake wa kufunguka ndio ulioniruhusu. Ya Tai ilikuwa imegongwa ribiti, haina skrubu, nisingeweza kuigusa hata ningetaka.

Mtihani wa loki ni rahisi. Unafungua kisu, unashika vishikio kama nyundo, unagonga mgongo wa kisu kwenye ukingo wa meza. Loki ikiwa ya kweli kisu hakirudi. Ikiwa ya uongo, kinarudi kwenye vidole vyako.

"Gonga," nikamwambia Dhamana.

"Mara ngapi?"

"Nitakuambia."

Akagonga. Tatu, nne, tano. Mafundi wakaanza kuhesabu kwa sauti, kama watoto. Saba. Nane. Nilikuwa natazama vidole vyake, vinne vimejipanga chini ya kisu, vizima vyote. Mara ya kumi na moja kisu kikaporomoka.

Alifungua kiganja na damu ikamwagika kwenye meza, kidole cha kati kimepasuliwa chini ya kiungo. Fundi mmoja akaja na kitambaa. Nikaangalia ile damu na nitasema ukweli: haikunitosha. Ilikuwa kidogo.

"Imetoka hiyo," Mama Presha akasema.

"Imetoka," nikasema.

Tai akaja na yake. Akagonga mara tatu, nikainua mkono.

"Basi. Imetosha."

"Babu, huyu tatu tu?" Kamba akauliza.

"Nimeshaona nilichotaka kuona."

Na Kamba akaridhika, maana mimi ndiye niliyejua chuma.

Saa kumi nilimkuta Dhamana kwenye lango la karakana, boksi miguuni, mkono umefungwa. Watu walikuwa wanatoka, wakimpa pole. Alingoja mpaka tukabaki wawili.

"Skrubu ililegezwa," akasema.

"Skrubu hulegea."

"Hizi hazilegei. Aliyezikaza hajui kukaza nusu."

"Basi kazubaa."

"Nilikujua tangu asubuhi, kaka. Siyo kwa sura. Ulivyonusa mpira. Mdogo wako hunusa vilevile, anafumba jicho moja."

Damu ilinipanda. "Mdogo wangu usimtie kinywani."

"Haya."

"Unajua plaizi zako ni nzuri?"

"Najua."

"Na mimi najua. Nataka ujue kwamba najua. Zingekuwa mbovu ningezikataa kwa haki, na hiyo ingekuwa zawadi kwako. Nimezikataa nzuri. Nenda ukalale na hilo."

Sentensi ile nilikuwa nimeipika miaka sita, kwa maneno mengine na katika miji mingine, na ilitoka vizuri. Bwana Dhamana aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea mzigo wake. Akajaribu kuinua boksi kwa mkono mmoja, likamshinda, akaliweka chini.

"Umesema hunusa," nikasema. Ndiyo kwanza neno lilikuwa linafika. "Hukusema alikuwa ananusa."

"Nisaidie boksi," akajibu. "Dukani si mbali."

Duka lilikuwa chumba kimoja kirefu, rafu pande zote, vyombo vimepangwa kwa ukubwa kama wanafunzi mstarini. Mbele, kwenye kiti kirefu karibu na mlango, kulikuwa na mtu amebana plaizi kwenye jiliwa iliyofungwa ukingoni mwa meza. Anakaza skrubu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa juu ya meza, vidole viwili vimejikunja, kwenye kipande cha mshumaa.

"Kaka," mdogo wangu akasema, bila kusimama. "Shikamoo."

Dhamana aliweka boksi, akapita nyuma ya pazia, akatuacha.

"Unafanya nini hapa?" nikamuuliza.

"Kazi. Kila chombo kinachoingia nakikagua, nakifungua, nakikaza upya. Kibaya kinarudi kilikotoka. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Kwake? Kwa huyu?"

"Kwake." Akaweka bisibisi chini. "Alikuja kwangu mwezi wa nane tangu nitoke hospitali. Nilimmwagia maji ya kuoshea vyombo. Akaja tena. Shemeji yako akamfukuza na mchi. Akaja mara ya tatu, akakaa barazani, akasema ukweli wake. Alitaka kufungua duka na hakuna atakayenunua kwake, habari zake zimetangulia. Akasema, wewe kaa mbele. Mtu akiuona mkono wako, akisikia umesema hiki kizuri, ataamini. Nikamwambia wewe mshenzi. Akasema, najua."

"Na wewe ukakubali."

"Nilikuwa na njaa, kaka. Na watoto nao."

"Anauuza mkono wako. Aliula mara ya kwanza, sasa anautangaza."

"Ndiyo." Alisema bila aibu. "Na kwa miaka mitano hakuna mtu katika mji huu aliyeungua kwa chombo kilichopita kwenye meza hii. Nimechoka kuuchukia mkono, bora ufanye kazi."

"Kwa nini hukuniambia aliko?"

"Nikuandikie wapi? Kila barua ilirudi: mpokeaji amehama. Wewe ulikwenda kunilipizia. Yeye alibaki akanipa kiti. Sisemi ni mtu mwema. Nasema yeye alikuwapo."

Hasira iliniongezeka. Nikamwambia lile lililotokea uani. Nilimwambia lote: skrubu, nusu mzunguko, zile tatu za Tai. Alisikiliza, uso umeinama juu ya jiliwa.

"Za Tai nimeziona," akasema mwishowe. "Alizileta hapa kwanza, anataka tumuuzie. Loki yake inashika siku ya kwanza. Ikizoea, inaachia. Nilizirudisha." Akainua macho. "Kaka, mama yule anasaini Ijumaa. Leo Jumatano. Nenda umwambie umekosea."

"Nimwambie mimi mwongo?"

"Hapana. Sema umekosea. Mafundi hukosea kila siku. Sema ulisahau kukaza skrubu baada ya mchanga, arudie mtihani. Hakuna atakayejua zaidi ya sisi watatu."

Alikuwa amenitafutia mlango wa kutokea, tena mpana. Nikasema nitakwenda.

Alhamisi asubuhi nilifika hadi ofisi ya Mama Presha. Alikuwa anakunywa chai amesimama, ramani ya mabomba imetandazwa mezani. Njiani nilikuwa nimeyapanga maneno: mama, skrubu ile. Maneno matatu tu. Lakini nilipofungua mdomo nikaona ule mwanya. Nikaona plaizi arobaini zinatoka kwenye lile duka, na Bwana Dhamana anakuwa mtu wa heshima mjini, kwa mkono aliouunguza yeye mwenyewe, na mimi ndiye niliyemfungulia njia.

"Umesahau kitu, babu?"

"Kofia," nikasema. Ilikuwa kwenye msumari nyuma ya mlango. Nikaichukua nikatoka.

Ijumaa akasaini. Wiki iliyofuata mafundi wote walikuwa na plaizi za Tai mikandani, zinang'aa, na Kamba alitembea mkono kiunoni ili watu waione yake.

Nilibaki pale karakanani. Nilijiambia nimebaki niwe karibu na mdogo wangu, lakini dukani sikwenda. Nilipita ng'ambo ya barabara, naangalia kama wateja wamepungua. Walikuwa wamepungua. Katika mji ule kila mtu alisikia kwamba kisu cha Bwana Dhamana kilimkata mwenyewe mbele ya watu. Watu waliokuwa wakinunua kwa kuuangalia mkono wa mdogo wangu sasa waliuangalia na kusema, kumbe bado anauza za bandia. Hilo sikulifikiria nilipolegeza ile skrubu, na nilipolifikiria nilikuwa nimeshaanza kulizoea.

Mwezi wa tatu tangu plaizi zile zigawiwe, Kamba aliteremka kwenye shimo la valvu karibu na soko. Gasketi, ule mpira wa kuzibia valvu, ilikuwa imegandia, akafungua kisu aikwangue, akasukuma kwa nguvu kwa sababu kule chini hakuna nafasi ya kupinda kiwiko. Loki ikaachia. Waliokuwa juu walimsikia akisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nileteeni kamba." Wakafikiri anatania jina lake. Walipomvuta, kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa kimebaki nusu.

Jioni ile Mama Presha alikusanya plaizi zote, akazigonga mwenyewe kwenye ukingo wa meza, moja moja, mara ishirini kila moja. Sikuondoka. Nilisimama nikisikiliza milio. Kumi na nne ziliachia kabla ya kufika ishirini. Akafuta jasho.

"Siku ile Dhamana alifikishwa kumi na moja na ungemwendeleza. Tai ulimsimamisha tatu. Nilihesabu, babu. Nikasema mzee anajua."

"Nilijua," nikamwambia.

Nikamweleza yote, tangu kiwanda cha magunia. Sikumwomba msamaha, maana haukuwa wake. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja.

"Na yule aliyemuunguza mdogo wako kule stoo, alijua kwamba plaizi ni mbovu?"

"Alijua."

"Kama wewe."

"Kama mimi," nikasema, kwa kuwa hapakuwa na neno lingine mezani.

Akaniambia niache ufunguo. Nikauacha.

Asubuhi nilikwenda hospitali. Kamba alikuwa amekaa kitandani, mkono juu ya mto, mkewe anamenya chungwa. Nikamwambia kwamba ni mimi. Alinisikiliza akidhani natania. Alipoelewa aligeukia ukutani, na mkewe akaniambia kwa adabu, "Babu, ondoka tafadhali, kabla sijainuka kwenye hiki kiti." Nikaondoka.

Kamba alirudi kazini baada ya wiki tisa. Hateremki tena mashimoni. Anasoma mita za maji nyumba kwa nyumba, na ninaambiwa hatanii kama zamani. Mama Presha alipewa onyo la maandishi na wakubwa wake, akastaafu mwaka uliofuata. Kabla hajastaafu alirudia mtihani na kununua plaizi za Bwana Dhamana, na hadi leo haijaripotiwa hata moja kuachia. Tai aliacha vyombo, anauza viatu. Bwana Dhamana yupo dukani, amenenepa tena, kidole cha kati kinapinda kwa shida. Mdogo wangu bado amekaa mbele. Nilimwandikia mara mbili, akajibu mara moja: wote wazima, watoto wanasoma, shemeji anasalimu. Hakuuliza nitakuja lini. Mimi nipo mji mwingine, nafunga pampu za visima. Watu wakinijia niwachagulie plaizi, nawaambia macho yangu hayaoni vizuri siku hizi, wamtafute fundi mwingine.